Mama Anakuja Kunizika

Jumatano, 2 Agosti 1995
Homa Bay

Nimefika! Mgongo unauma, vumbi limeingia mpaka masikioni, lakini nimefika nyumbani. Au karibu na nyumbani. Mochama, dairekta wetu, hubana matumizi hadi kwa sabuni, kwa hiyo mimi na Scovia wa mekapu tumepewa chumba kimoja. Scovia anakoroma. Simwambii mtu.

Mchana nimeshuka sokoni kununua malapa. Nimevaa ile miwani yangu nyeusi ya kistaa. Huko Nairobi nikiivaa ili nijifiche, ndipo watu hunitambua zaidi. Sasa mama mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani, akanitazama, akanitazama tena, akapiga makofi. Nikajiandaa kutabasamu. Nikajua ameona lile bango la filamu yangu — mimi na bastola, mkubwa kuliko mlango.

"Wewe si ndio ile mtoto ilikufa na maji?"

Hivyo tu! Filamu zote nilizocheza, na hapa mimi bado ni marehemu. Akawaita wenzake waje waone. Mmoja akanishika mkono kuhakikisha una joto.

Kila nikikumbuka kisa hiki nacheka, ingawa Mama hacheki. Nilikuwa mtoto mdogo wa shule. Watu wa afya walikuja kijijini kwetu Kosele na kamera, wanatengeneza filamu ya kufundisha watu wachemshe maji. Wakatafuta mtoto wa kunywa maji machafu na kufa. Walijaribu watoto wengi, mimi nikafa vizuri kuliko wote. Baadaye wakanichukua Kisumu nicheze nyingine, ya mbu, na nikiwa huko gari la sinema likaja Kosele. Likatundika kitambaa cheupe uwanjani pa soko. Mama alikuwa hajawahi kuona sinema. Akaniona nimelala, macho nimefumba, daktari anatikisa kichwa. Akadhani serikali imeleta habari kwa njia hiyo. Soko zima likalia naye! Niliporudi na viatu vyangu vipya nikakuta boma limejaa waombolezaji, na Mama amenyolewa kichwa, kama desturi ya mfiwa.

Aliapa hataangalia picha yangu tena maisha yake yote. Na mpaka leo nikimkosea kidogo tu, hata nikichelewa kumwandikia, swali ni lile lile: "Na nywele zangu?"

Alhamisi, 3 Agosti 1995
Kosele

Mama mzima, mkali, mnene kidogo. Amenipikia kuku na kuon, ugali wetu, mpaka nikashindwa kuinama. Amefurahia kitenge nilichomletea, sukari ameificha chini ya kitanda mbele ya macho yangu. Kuhusu kazi yangu, kimya. Anauliza nyama ni bei gani Nairobi. Anauliza nitaolewa lini. Ng'o, hataki kujua kingine.

Nikajikaza nikamwambia. Mama, tunapiga picha Sori, si mbali. Njoo siku moja tu. Ukae kwenye kiti chenye jina langu, uone mtoto wako anafanya nini. Nikaona haya, mimi ninayelia mbele ya taa na watu arobaini bila aibu. Ukweli ni kwamba nalitaka jambo hili kuliko tuzo yoyote. Watu wa Mombasa wananijua, watu wa Kampala wananijua, na mama yangu hajaniona hata mara moja nikifanya kazi.

Akachagua mchele kwa muda mrefu. Kisha: "Na hii nayo unakufa?"

"Mama, hata sijamaliza kuisoma."

Uongo! Naijua skripti hiyo kama Baba Yetu. Nakufa karibu na mwisho.

"Nitakuja," akasema. "Lakini ukikufa tena, nyathina, mwanangu, mimi si mamako. Utafute mwingine mwenye nywele."

Ndugu yangu Jacktone alikuwa mlangoni akisikiliza. Amenisindikiza barabarani akicheka njia nzima. Anasema ningekubali tu kuwa mwalimu.

Jumamosi, 5 Agosti 1995
Sori

Kikao na Mochama kuhusu kifo changu.

Kwenye filamu hii mimi ni Roselyn, mke wa mchimba dhahabu wa Macalder. Mume mlevi, anaficha dhahabu, mke anaingia shimoni kumtafuta, shimo linaporomoka, mke anazikwa, mume anajuta. Mwisho. Nikamwambia Mochama, kwa nini asife mume? Yeye ndiye mwenye makosa!

Cephas, anayecheza mume, alikuwa anakula samaki. Akaacha samaki. "Mimi? Niingie jeneza? Yawa, Dolphine! Nina watoto!"

Nikamwambia mimi pia nina mama. Akasema heri mama, mama ameshazoea.

Mochama hasikii. Anasema watu hawalipi tiketi kuona mtu akipona. Walipe walie, waende nyumbani wametulia. Nikanuna mpaka saa ya chai. Baada ya chai nikasahau kununa, mandazi ya hapa ni matamu mno.

Jumatatu, 7 Agosti 1995
Macalder

Nimeanguka shimoni mara nyingi. Matope. Kina mama wanaosafisha mchanga kwa karai, wakitafuta chembe za dhahabu, wameacha kazi kunitazama. Wamenifundisha kuzungusha karai. Nikamwaga yote. Wamecheka, nami nimecheka, Mochama amekasirika kwa sababu jua linatoroka.

Jumanne, 8 Agosti 1995

Matope hayatoki kichwani. Scovia amesema ninyoe. Nimemwambia neno hilo halitajwi katika ukoo wetu.

Jumatano, 9 Agosti 1995
Sori

Balaa!

Mochama amekodi boma la mzee mmoja kwa ajili ya mazishi. Leo asubuhi akaagiza vijana wachimbe kaburi la Roselyn. Kaburi zuri, refu, limenyooka. Mochama akasimama kando yake akitabasamu, akiangalia jua litaangukia wapi. Halafu akamwambia mwenye boma, kwa roho safi kabisa, "Ijumaa tukimaliza tutalifukia, mzee, usiwe na wasiwasi."

Wasiwasi ndio ukaanza hapo. Mochama ni mtu wa Kisii, hakuuliza, na sisi tulio wa huku tulikuwa bado tunakunywa uji. Kaburi likishachimbwa haliwezi kufukiwa tupu! Litabaki linadai mtu. Mzee amekasirika. Anasema ana wajukuu kwenye boma hili. Cephas, shujaa wetu, alipata habari akahamisha kiti chake hadi ng'ambo ya ua.

Dawa ipo, na kila mtu hapa anaijua. Ni yago, lile tunda refu zito lisiloliwa, linaloning'inia mtini. Mtu akipotelea ziwani na mwili usionekane, huzikwa yago mahali pake. Basi na Roselyn atazikwa yago. Mzee amekubali, Mochama ameshukuru, tumerudi kazini. Nikadhani yameisha.

Sikuwafikiria kina mama wa samaki. Wananunua hapa Sori, wanauza hadi Kosele. Habari yenyewe sijui imepanda gari gani, lakini imefika kabla ya samaki: Adhiambo wa kwenu amechimbiwa kaburi huko Sori. Huyo Adhiambo ndiye mimi.

Alhamisi, 10 Agosti 1995

Jacktone ametokea saa ya chakula, jasho linamtoka. Ujumbe kutoka kwa Mama. Nauandika kama alivyousema, akihesabu kwa vidole asisahau:

Kwamba amesikia. Kwamba mimi ni mwongo kama baba yangu. Kwamba anakuja kesho. Kwamba mtu yeyote asithubutu kutafuta yago la watu wengine, analeta la nyumbani kwetu.

"Amekasirika sana?"

Jacktone amefikiria. "Amesuka nywele," akasema. "Leo asubuhi. Zote, na uzi mpya."

Ili asiwepo wa kufikiria kumnyoa! Nimecheka mpaka nimekaa chini. Kisha nikaogopa. Anakuja, ndiyo. Lakini anakuja kunikana au kunitazama?

Ijumaa, 11 Agosti 1995
Sori, nyuma ya jiko la mwenye boma

Naandika haraka, nimevaa sanda. Mapumziko. Uso wangu una poda nyeupe mpaka mtoto mmoja amenikimbia.

Mama alifika asubuhi. Jacktone nyuma, na yago kwenye gunia begani. Akamsalimia kila mtu isipokuwa mimi. Mochama akamletea kiti kile chenye jina langu. Akakichukua, akakigeuza, akakaa akiupa mgongo uwanja mzima, kaburi, kamera na mimi. Akatoa karanga akaanza kumenya. Amekuja kulinda boma la watu, akasema. Hakuja kutazama upuuzi.

Nikaingia jenezani. Joto! Harufu ya vanishi! Nikafumba macho nikafa. Mochama amekodi kina mama wa Sori waje kulia. Sasa hawa kina mama walikuwa wameniona tangu asubuhi nikila mandazi. Wakaanza kulia, mmoja akacheka. Wakaanza tena, wakacheka wote. "Uuwi" kidogo, kisha kicheko. Mochama akasihi. Akaahidi soda. Wakacheka zaidi.

Nikasikia maganda ya karanga yakimwagwa chini. Kiti kikalia. Kisha sauti ya Mama:

"Nyinyi mnacheka nani? Hiyo ni mtoto yangu iko hapo!"

Nikasikia hatua zake zikimwendea Mochama.

"Na wewe, dairekta! Adhiambo ndio anazikwa namna hii? Kama kuku? Mtu amemlilia wapi? Jina yake imetajwa wapi?"

Mochama akasema kwa sauti ndogo, Mama, si yeye, ni Roselyn.

"Roselyn simjui!"

Na akaanza. Ee Mungu wangu. Akaanza na ile sauti ya waombolezaji wanaoanzia mlangoni mwa boma, akija na kurudi, akikanyaga chini, kina mama wakimpokea, wala hakuna aliyecheka tena. Akanisifu kama wanavyosifiwa wafu kwetu. Adhiambo binti wa Kosele! Adhiambo aliyeuza mitumba na kumlisha mume kipofu! Adhiambo aliyempiga inspekta kibao! Adhiambo aliyeolewa na mzee asiye na meno, akatoroka na gari lake! Adhiambo mwenye bastola, aliyewakimbiza wezi hadi Naivasha!

Pale ndani macho yangu yakafunguka yenyewe.

Hizo ni filamu zangu. Zote! Hata ile ya mume kipofu, ambayo hata Nairobi hakuna aliyeitazama. Mama ameziona. Wapi? Lini? (Jacktone, nimemkamata baadaye: kuna banda la video Oyugis. Miaka yote. Mama hukaa nyuma kabisa na kitambaa usoni, na ikianza sehemu ya hatari hutoka nje, humtuma Jacktone achungulie kama nimepona, ndipo arudi.)

Nililia. Maiti nzima, machozi hadi masikioni. Ya furaha!

Mama akamaliza. Mochama akanong'ona, "Levis, niambie umeipata."

Nikainua kichwa. Levis, mpiga picha wetu, mtoto wa Karungu, hapa hapa jirani, alikuwa amesimama mbali na kamera. Ameondoa kofia, ameishika kifuani, ameinamisha kichwa. Kamera imezimwa.

"Kuna mtu anaombolezewa," akasema. "Ningefanyaje?"

Mochama akaketi juu ya ndoo. Kisha akaenda kwa Mama, akapiga magoti kabisa, suruali ya Nairobi na yote, akamwomba arudie. Mara moja tu. Mkanda uliobaki kwenye kamera unatosha mara moja tu.

Mama akajifuta uso. Akapanga nywele zake. Akasema mtu halilii mtoto wake mara mbili bila sababu. Lakini angelia, akasema, kama wataonyesha ukweli. Ukweli gani? Kwamba Adhiambo hakufa. "Akishaliliwa, ainuke. Watu wamuone. Kule kwa gari la sinema hakuna mtu aliniambia aliinuka."

Mochama anasema mwisho wa filamu utaharibika. Cephas anasema huo ndio mwisho mzuri, na kwamba yeye akimwona ameinuka atajuta kweli kweli. Kina mama wa Sori wamekaa chini na soda zao, wamesema bila huyu mama hawalii. Levis ameshika kamera kwa mikono miwili safari hii. Mama amesogeza kiti changu hadi kando ya jeneza, amekaa, yago mapajani, na uso ameugeuzia huku.

Scovia ananiita, poda imeharibika tena. Nimempitia Mochama nikamuuliza: sasa nifanyeje, nibaki nimelala au niamke?

Amemtazama Mama. Amekuna kichwa.

"Ingia kwanza," amesema.

Naingia —