Pikapu Iliyokataa Mlima wa Mwika

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nimeamka na mngurumo wa pikapu kichwani. Tangu fundi Abdulsalam wa Kiboriloni anifungie bomba jipya la hewa na chujio lake, gari la Baba limepata sauti nyingine — nzito, ya kutoka kifuani. Leo nimeteremsha ndizi, kioo wazi, ukungu unaingia hadi kwenye kiti, nikawa najiuliza kama injini nazo huota. Nina furaha ya kitoto.

Kaka Filemon hataki kulisikia. Wiki iliyopita alisema mbele ya Mama kwamba kung'oa boksi la zamani la hewa ni kumkata Baba pumzi mara ya pili. Nikamjibu kuwa Baba aliniachia mimi, kitindamimba, si yeye. Tangu hapo hatusemeshani. Kihamba kimoja, shamba letu la urithi, nyumba zinatazamana, na kila mtu anapitia nyuma ya migomba.

Jumanne, 9 Julai

Gari limenikatalia! Kushuka, hakuna neno. Kurudi sasa — mlima wa Mwika, nikikanyaga mafuta linakabwa koo, moshi mweusi nyuma. Nikiachia, linapumua. Nimepitwa na mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe. Alinipa pole.

Filemon alikuwa amesimama uani kwake nilipofika. Alinitazama muda mrefu, kama anayesubiri neno. Anacheka moyoni huyo. Nikaingia ndani.

Alhamisi, 11 Julai

Kutwa nzima kwa Abdulsalam. Likisimama linaunguruma vizuri kabisa, na hilo ndilo linatuchanganya. Amekaza klipu zote. Amechomoa sensa ya hewa, ameisafisha, amehakikisha haikufungwa kinyume. Chujio jeupe, safi. Nikamwambia kaka yangu ametia kitu, ana kinyongo na hili bomba. Hakuinua hata macho, akaniita kama mjini wanavyowaita Wachagga wote.

"Mangi, tutafute hewa kwanza. Ndugu baadaye."

Nimerudi gia ya kwanza mlima mzima. Usiku Mama anamenya ndizi za kupikia kiburu, akaniuliza taratibu: Fredy, kaka yako anataka kujua kama umepokea. Nikamuuliza, nimepokea nini? Hilo ni lenu, akasema, si la kusemwa na mimi. Nikamwambia amjibu hivi: sijapokea kitu kwake, wala sitapokea. Mama akaweka kisu chini.

Ijumaa, 12 Julai

Manyunyu. Sikutoka. Nimeota Baba yuko uvunguni mwa gari, inaonekana miguu tu, ananiomba spana. Kila ninayompa anairudisha.

Jumamosi, 13 Julai

Abdulsalam kanipigia asubuhi: gari likikabwa mlimani, tulipime mlimani, siyo gereji. Tumepanda naye. Pale Mwika akafungua kipande cha bomba cha mbele, kile kinachovuta hewa nyuma ya grili, akaniambia nenda. Likaenda! Likapanda linaimba. Niliporudi kumchukua alikuwa amechuchumaa, anasukuma waya ndani ya kona ya kile kipande.

Likatoka jani. Jani la sale, ule mmea wa majani marefu tunaouheshimu Wachagga, limekunjwa, limefungwa fundo, jeusi kwa vumbi. Injini ikivuta kwa nguvu lilikuwa linainuka na kuziba kona, ikitulia, linalala.

Abdulsalam si Mchagga, ila kazaliwa Moshi. Alijifuta mikono kwanza, ndipo akanipa. Akauliza kwa sauti ya chini, "Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Baba alikuwa akisema, ukiletewa sale lenye fundo umeshaombwa msamaha, na huna ruhusa ya kukataa, hata kama kilichomwagika ni damu. Filemon na haya zake hakuweza kunishikisha mkononi. Kalipachika mdomoni mwa bomba lilelile alilolitukana, nilione nikifungua boneti asubuhi ya Jumanne. Sikufungua boneti. Niliwasha tu, nikaondoka, injini ikalimeza. Naye akasimama uani akisubiri jibu — na jibu nikamtumia kwa kinywa cha Mama. Nimeona aibu mpaka masikio yanawaka.

Nampigia Filemon, hapokei. Abdulsalam akasema nisimrudishe yeye mjini, atapata usafiri, nipande tu. Nimepanda. Gari limepanda vizuri mno, nami nilitaka liende polepole nipate maneno.

Sasa niko nje ya lango, naandika juu ya usukani kabla sijashuka. Filemon amevuta kamba katikati ya uwanja, pale ambapo Baba hakuwahi kuweka mpaka. Anachimba. Mkewe Salvina yuko nyuma yake na mzigo wa vipande vya masale vya kupanda, kwa kuwa huku kwetu mpaka hupandwa kwa masale. Mstari umeshapita dirisha la Mama. Mama amekaa mlangoni, hawaangalii.

Filemon amesikia gari. Hajageuka.

Jani liko mapajani. Limekauka, fundo limebaki. Nimelishika, nimefungua mlango. Salvina ameniona, ameona nilichoshika. Amesimama na kipande mkononi — na Filemon, ameinama palepale, ananyoosha mkono nyuma akikidai. Naacha kalamu, nashuka na jani.