Pasi ya Mwanabaraka

S.L.P. 318,
Temeke,
Dar es Salaam.
14 Septemba, 1957.

Mpendwa Shangazi Kokushubila,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Magoti yanasemaje? Na kahawa, imekubali mwaka huu? Sie hatujambo. Mimba inanisumbua asubuhi tu, namshukuru Mungu.

Shangazi, tuliponea chupuchupu hapa. Mwanabaraka, mke wa mwenye nyumba wetu, alikuwa akinyoosha kanzu, miguu peku kwenye sakafu mbichi. Nilisikia ukelele. Pasi ya umeme ilikuwa imemganda mkononi! Nilikimbilia swichi kuu nikazima, naye akaanguka. Mkono uliungua, lakini roho ipo.

Mumewe, Mzee Mwishehe, aliogopa kuliko yeye. "Huu moto wa waya utoke kwangu," alisema. "Nirudishieni kandili yangu."

Mwanabaraka akamjibu akiwa kitandani, "Nimeanguka mie, bwana, mbona waogopa wewe? Mwache fundi atazame kwanza."

Nami niliomba moyoni iwe hivyo. Nashona nguo za watu, na umeme ukiondolewa nitarudia pasi ya mkaa, ambayo moshi wake unanitapisha siku hizi.

Fundi ndiye mkweo, mume wangu Leodegar. Aliifungua pasi, akakuta waya umechubuka ndani na kugusa chuma. Hakuridhika. "Pasi imevuja, sawa," aliniambia, "lakini kwa nini fyuzi haikukatika?" Alinieleza kwamba umeme ukivuja, waya wa ardhi huupeleka chini kwa nguvu mpaka fyuzi ikatike. Njia hiyo ikiwa mbovu, umeme hubaki kwenye chuma ukingoja mkono wa mtu.

Aliazima kazini mashine ya kupimia njia hiyo. Kipimo kilikuwa juu mno, maana yake umeme haupati njia ya kushuka. Nyuma ya nyumba imechimbiwa fimbo ya chuma inayoshika waya wa ardhi. Akakwangua kutu kwenye kibanio chake. Kipimo kikashuka kidogo tu. Akamwaga maji kuizunguka. Kikashuka vizuri, nikashangilia. Kesho yake kikapanda tena.

Hapo akang'amua sababu. Fimbo ilikuwa fupi, imeishia kwenye mchanga. Masika ilifaa, kiangazi mchanga ukakauka. Akapigilia nyingine ndefu karibu na bafu, ambako udongo haukauki, akaunganisha waya na kubadilisha ule wa pasi. Alipopima tena, aliniita nione mshale ulivyotulia chini. Nililia, Shangazi, sijui kwa nini.

Jana Mwanabaraka alikataa mtu yeyote amtangulie. Alivaa makubadhi, akashika pasi kwa mkono wake mzima. Akaanza kuinyoosha ile kanzu. Mzee Mwishehe alisimama mlangoni mpaka kanzu ikaisha. Akavua koti lake, akampa. "Basi," akasema, "na hili."

Njoo Desemba unipokelee mtoto. Wasalimie Ansbert na Genoveva. Mungu akulinde njiani na nyumbani.

Mwanao akukumbukaye kwa mapenzi,
Felicitas