Kitanda Changu Chumbani kwa Zodwa

Furaha, mjukuu wangu,

Huku Durban tuko wazima. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike, analia kwa nguvu kama wewe zamani. Umeniuliza kwa nini namwita Zodwa dada, na yeye ni Mzulu.

Ujanani nilipanga chumba Berea, mtaa wa hapa Durban, nikiishi kwa msaada wa serikali kwa sababu ya mguu wangu uliolemaa. Masharti yakabadilika, tukaitwa kupimwa upya, msaada wangu ukakatwa. Kodi ikanishinda, na mwenye nyumba hakunivumilia, akanitoa. Zodwa, jirani yangu msusi, alinikuta nimekaa kwenye ngazi na kitanda changu.

"Eish! Chumba yangu iko kidogo, lakini tutaenea," alisema kwa Kiswahili alichookota kwa wateja wake Wakongo. "Unapenda kulala upande wa dirisha ao wa ukuta?"

Nilikata rufaa, na baadaye msaada ukarudi, lakini sikuwa na haraka ya kuhama. Hadi leo nakikumbuka chumba kile, harufu ya mafuta ya nywele na kicheko chake asubuhi. Daktari aliyenipima, karani wa msaada, mwenye nyumba, wote walikuwa wameniuliza nisichoweza. Zodwa aliniuliza ninachopenda.

Nilichagua dirisha.

Nakukumbatia,
Bibi yako