Tonge la Jenifa

Ipagala, Dodoma
Novemba 1994

Dada yangu Paskazia,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba huko Bahi mmeanza kuona mawingu. Sisi hapa hatujambo, ila vumbi ndilo linalotutawala. Najua ulitegemea Cornel akimaliza kuuza mchele arudi na mwanao, naye amekuletea bahasha. Usinune kwanza, soma.

Uliagiza nimrudishe Jenifa kwa sababu umesikia chekechea yangu inachezesha watoto udongo badala ya kuwafundisha. Ni kweli, wanachezea. Hata karani mmoja wa hapa alikuja kuniuliza kama amemleta mwanawe shuleni au kwa wafyatua matofali. Nilimwambia mkono usiojua kufinyanga hauwezi kutulia na penseli. Aliondoka amekunja uso, lakini mtoto alimwacha.

Unajua jinsi vidole vya kulia vya Jenifa vilivyobaki vimejikunja tangu aungue na uji. Mwanzoni alivificha kwenye gauni. Nilimpa gazeti achane. Siku hizi magazeti ni mengi, hatukosi la kuchana. Akabandika vipande kwenye boksi la sabuni kwa uji wa ngano, akasema ni mbuzi wa bibi. Mbuzi alikuwa na miguu mitano, nami sikuuliza. Ukafuata udongo, kisha shanga kubwa, halafu zile ndogo zinazonishinda hata mimi. Alilia, akazitupa, akaziokota mwenyewe.

Sasa nikuambie kilichonizuia. Nilipomwambia unamwita, hakufurahi. Nilidhani amenizoea mimi mama yake mdogo, nikajivuna kidogo. Nikamuuliza. Akanijibu kwamba nyumbani mama humlisha, bibi humfunga vifungo, na mkono wake hulala tu. Dada, niliinama kama natafuta kitu chini. Najua mlimlisha ili asionekane akila kwa mkono wa kushoto mbele za watu. Na najua tangu siku ile ya uji unajilaumu, kila tonge unalomkatia unaomba msamaha. Mtoto hakudai msamaha, dada. Anadai tonge lake.

Juzi alikula ugali wa mtama kwa mlenda, kwa mkono huo huo wa kulia. Nusu ya mlenda iliishia kwenye gauni. Alimaliza sahani.

Nitamleta mwenyewe Krismasi. Akishanawa, mwekee chakula chake, kisha ushike mikono yako mpaka ashibe. Ukishindwa, nitakushikia mimi.

Mama mpe shikamoo yangu, mwambie mbuzi wake yuko ukutani kwetu na miguu yake yote. Kile chungu kidogo alichokifunga Cornel kwenye kitambaa ni chako, Jenifa amekifinyanga. Usikilainishe. Alama zilizo pembeni ni za vidole vyake vya kulia, hata kile cha mwisho.

Ni mimi mdogo wako,
Elieth