Ugonjwa wa Siku Kumi

Kijiji cha Shixi, Jiangxi
12 Machi 2009

Dada Yunxiu,

Pokea salamu zangu baada ya miaka mingi ya kimya. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Harbin imeanza kulegea. Huku mvua imenyesha siku tisa na nguo hazikauki. Mimi mzima, ila usingizi umenipungua. Anwani yako nilipewa mwaka jana na mwanamke aliyesoma nawe. Nimeikalia miezi mitano.

Ukoo unatengeneza toleo jipya la kitabu cha nasaba, la kwanza tangu mwaka 1984. Kitasomwa mbele ya makaburi siku ya Qingming, tarehe 4 mwezi ujao, tutakapokwenda kuyasafisha. Baba Mdogo Dingbang, ambaye sasa ana miaka sabini na tisa, ndiye mkuu wa kamati, na kamati imenikabidhi uchapaji kwa kuwa nafanya kazi gazetini. Kompyuta imewekwa kwenye ukumbi wa mababu. Kurasa zinatakiwa kwa mpiga chapa tarehe 25.

Jumanne ya wiki iliyopita kompyuta ilikataa Kichina. Ukichapa sauti ya neno kwa herufi za Kilatini, kile kisanduku cha kuchagulia maandishi ya Kichina hakitokei. Zinabaki herufi hizo tupu. Baba Mdogo aliliona jina la babu yetu limekuwa msururu wa herufi za kigeni, akapiga sanduku la kompyuta kofi. Akaniuliza kama mimi ni mwandishi wa gazeti au muuza visingizio.

Tukamwita Ruan Meifeng, mwanamke mwenye duka la kutengeneza kompyuta mjini. Alijaribu vitufe vya kubadilisha lugha, akaizima na kuiwasha, akafungua mipangilio. Akakuta kibodi ya Kichina imeondolewa kwenye orodha. Akairudisha, akachapa neno “mvua”, likatokea. Asubuhi ya pili haikuwepo tena. Akairudisha. Asubuhi ya tatu ilikuwepo kwenye orodha, lakini kisanduku hakikutokea.

Baba Mdogo alikuwa amesimama nyuma yake tangu saa mbili.

“Wewe Ruan, unaitengeneza au unaibembeleza?”

“Mzee, hii si nyati wa kulimia. Ukiichapa haitembei.”

“Nyati wangu angalau anajua lugha ya nyumbani.”

Baba Mdogo alipotoka kwenda kunywa chai, Ruan alivuta kiti karibu nami. Akanionyesha kwamba programu inayofungua kisanduku kile ilikuwa imehamishwa na kufichwa kwenye folda nyingine, na folda hiyo ilitengenezwa siku hiyohiyo saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Akaniuliza ufunguo wa ukumbi hukaa kwa nani. Nikamwambia hukaa kwangu.

“Kompyuta haisahau Kichina chake yenyewe, Bwana Nie,” akasema.

Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe.

Ulipoondoka mwaka 1982, siku sita kabla ya harusi yako, Baba aliwaambia wakwe ng'ambo ya mto kwamba umekufa kwa homa ukiwa safarini. Ilikuwa njia ya kuficha aibu. Miaka miwili baadaye kitabu cha nasaba kiliandikwa upya kwa mkono, na ukurasa wetu ukaandikwa hivi: Yunxiu, binti wa kwanza, alizaliwa 1958, alifariki 1982, hakuolewa. Sasa ukurasa huo ni zamu yake kuchapwa.

Nilisema mbele ya kamati kwamba u hai. Baba Mdogo alijibu kwamba kanuni ni moja: ukurasa wa zamani hunakiliwa ulivyo, isipokuwa mhusika mwenyewe alete maandishi ya mkono wake na alama ya kidole gumba kwa wino mwekundu. Niliomba wiki mbili nikutafute. Alikataa, akasema aliyekufa miaka ishirini na saba hafufuki kwa sababu mwandishi kakosa usingizi. Wakwe wale bado wako ng'ambo ya mto, nao watakuja kula nasi siku ya Qingming. Toleo lijalo ni baada ya miaka thelathini. Utakuwa na miaka themanini na mmoja.

Ndiyo maana niliiharibu kompyuta, mara tatu.

Limebaki moja, na hili sikumwambia Ruan. Mwaka 1984 ukoo ulitafuta mtu mwenye mwandiko mzuri, nikachaguliwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Baba alisimama pembeni akinitajia maneno. Nilijua u hai, kwa sababu barua yako ya kwanza niliipokea mimi mlangoni, nikampa Baba, naye akaitia kwenye moto wa jikoni. Nikaandika “alifariki”. Sikuuliza, nikaendelea na jina lililofuata. Mama alisomewa ukurasa ule, akaomba usomwe tena. Nimefanya kazi ya habari miaka ishirini na miwili na nimesahihisha makosa ya watu wengi. Hilo ni langu, na halijasahihishwa.

Sikuombi unisamehe. Naomba karatasi moja: jina lako, mwaka uliozaliwa, mahali unapoishi, alama ya kidole chako. Ukitaka kubaki ulivyoandikwa, niandikie hivyo pia, nami nitachapa. Safari hii uamuzi ni wako.

Ruan aliponisikiliza aliuliza barua ya haraka kwenda Harbin na jibu kurudi ni siku ngapi. Nikasema kumi. Baba Mdogo akaingia na kikombe chake, akataka kujua mgonjwa anaendeleaje. Ruan alikuwa akifunga mkoba wake wa bisibisi.

“Mzee, nimeupata ugonjwa,” akasema. “Ni wa siku kumi.”

Wasalimie walio nyumbani kwako, ambao siwajui majina. Baba alifariki mwaka 1996, Mama mwaka 2001. Makaburi yao nimeyapalilia. Kuanzia kesho nitakuwa nikimsubiri mtu wa posta barabarani.

Mdogo wako,
Nie Shoucheng