Mwanga Niliomtupia Elia

Gungu, Kigoma
Jumapili, 16 Machi 2025

Mpendwa Dada Winfrida,

Shikamoo. Mwakeye huko Denmark? Baridi imepungua, au bado unavaa soksi mbili mbili? Goti lako linaendeleaje? Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Mama ana presha yake ileile na ubishi wake uleule. Maharage ya Mwandiga yamekubali mwaka huu.

Utajiuliza barua ya karatasi ya nini wakati simu zipo. Martini anasafiri kuja huko, nimempa mawese na dagaa wako, nikaona nimpe na hii. Kwenye simu wewe huniambia "sema basi" kabla sijapumua, nami hujikuta nazungumzia mvua. Na hili si la mvua, dada.

Elia, kitindamimba wetu, ameumia jicho la kulia. Aliyemuumiza ni mimi.

Unakumbuka ile kalamu ya leza uliyonitumia kwa ajili ya klabu yangu ya nyota? Ulituma na karatasi ya masharti: isizidi nguvu ndogo iliyoandikwa pale, isielekezwe kwa mtu, wala chombo cha majini, wala ndege. Niliyanakili kwenye boksi kwa wino mwekundu, nikayasomea wanafunzi kila tulipokutana mwaloni Kibirizi, pale boti za wavuvi zinapoegeshwa. Mmoja aliwahi kumulika paka, nikamsimamisha mwezi mzima. Mimi huyuhuyu!

Lakini kalamu yako, dada, mwanga wake ulikuwa mwembamba. Wanafunzi wa nyuma walikuwa wakisema, "Mwalimu, hatuoni." Nikaona haya. Nikaenda mjini, nikanunua nyingine kwenye meza ya wauza chaja na kava za simu. Imeandikwa nguvu ileile ndogo kama ya kwako, lakini ukiiwasha mstari wake unasimama angani kama nondo ya kijani. Uliniandikia wazi kwamba hizi za mezani maandishi yake huwa ya uongo. Nilikusoma, nikasema dada ameshakuwa Mzungu, kila kitu anaogopa.

Alhamisi ile ya mwisho wa Februari hapakuwa na mbalamwezi, na wewe unajua giza ndilo soko la wavuvi wa dagaa. Ndilo soko letu sisi wa nyota pia. Saa mbili kasoro hivi tulikuwa mwaloni. Zuhura ilikuwa imeshuka kuelekea Kongo, inawaka, nami nawaonyesha watoto kwa nondo yangu. Wakati huohuo boti ya kina Elia ikasukumwa majini.

Hujasahau kuaga kwa tochi. Gloriose, mke wa Elia, huyu jirani anayeniletea chakula kila siku, alikuwa amesimama ukingoni, hatua chache mbele yetu. Akawasha tochi mara tatu. Elia kule kwenye boti akainua taa kumjibu. Na unajua mila yenyewe: anayeondoka haondoi macho kwenye mwanga wa nyumbani mpaka uzimwe. Ukigeuka mapema umeikataa safari njema. Baba alitufundisha hivyo hata kabla hatujajua kuogelea.

Basi nikapandwa na majivuno. Wanafunzi wananitazama, mdogo wangu anaondoka, mkononi nina taa kali kuliko taa zote za Kibirizi. Nikaishusha kutoka Zuhura, nikamuaga na mimi. Boti haikuwa mbali, hata ungerusha jiwe lingefika. Mara tatu, dada, na ya tatu niliikawiza.

Mtu mwingine yeyote angefumba macho, angegeuza uso, angenitukana. Elia hakugeuka. Aliona ni mwanga wa kwao, akaukodolea macho mpaka nilipouzima mwenyewe. Heshima yake ndiyo iliyomponza, na aliyeichezea heshima hiyo ni kaka yake.

Asubuhi alirudi akisema katikati ya jicho kuna doa, kila anachokitazama doa linakikalia. Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa macho, na Gloriose akaja nasi. Elia akaeleza: alikuwa akitazama tochi ya mkewe, ghafla ukaja mwanga wa kijani. Daktari akapima, akasema hii ni alama ya kuungua, kama ya leza. Akauliza, "Nani huko kwenu ana kitu cha namna hiyo?" Dada, nikatazama lile bango la herufi ukutani. Nilikuwa nazisoma zote, mpaka mstari wa chini kabisa.

Hakuna dawa ya kulifuta doa hilo. Daktari amesema tusubiri miezi, huenda likapungua, huenda lisipungue. Elia hawezi tena kushona nyavu, sindano inapotelea kwenye doa. Kwenye boti wamempa mtu mwingine ashike taa.

Ningenyamaza na aibu yangu peke yangu, labda ningejisamehe. Lakini Mama alishika lile neno "mwanga wa kijani". Akauliza nani alikuwa na tochi. Akaambiwa ni Gloriose. Weee! Unamjua Mama. Miaka kumi na moja ndoa ile imekaa, watoto watatu, leo ndiyo anakumbuka kwamba ukoo wa baba yake Gloriose, mzee Sindayigaya, ulivuka kutoka Burundi. Akasema mwanamke huyo ametoka kwao na vitu vya uchawi. Akasema mbele ya majirani. Jumapili iliyopita Gloriose amefunga nguo zake, amerudi kwa baba yake na kale kadogo mgongoni.

Nami nilikuwepo pale uani Mama aliposema, nimekaa kwenye stuli, nakunywa chai ambayo Gloriose mwenyewe alikuwa ameipika asubuhi.

Nimejitahidi kufanya mambo mengine, kama mtu anayefagia uwanja huku nyumba inaungua. Kalamu ile nimeitoa betri na kuifungia kabatini. Nimerudi kwenye meza ile mjini kumweleza muuzaji, akacheka: "Mwalimu, hizi tunawauzia hata watoto." Zinauzwa kama pipi! Nimeandikia ofisi ya biashara kuomba zikaguliwe, sijajibiwa. Nimekwenda uwanja wa ndege kuuliza utaratibu wa kumulika leza angani. Kote huko nilizungumza vizuri sana juu ya usalama. Hakuna nilikomtaja Elia.

Dada, nilianza barua hii nikiwa na ombi. Wewe ni mkubwa wetu, Mama anakusikiliza. Nilitaka umpigie, umweleze kwa maneno laini, halafu mimi nije nyuma yako. Nimelisoma ombi hilo sasa hivi na nimeona ni kujificha nyuma yako tu. Usimpigie. Kesho naenda Mwandiga kwa Mama, mimi mwenyewe.

Jumanne, 18 Machi

Martini anaondoka kesho, naimalizia haraka.

Nilienda. Nilipiga magoti mbele ya Mama, mzee mzima na mvi hizi, Elia akiwa amekaa pembeni. Nikasema yote, na bango la herufi nikalisema. Elia alinigeuzia uso upande, ndivyo anavyotazama siku hizi ili doa lisimzibe mtu. Mama akasema, "Thobias, siku zote hizi ulikuwa unakula kwa mkono wa nani?" Akainuka, akajifunga kitenge, akasema twende tukamchukue mke wa watu.

Kwa mzee Sindayigaya tulipokelewa kwa adabu kuliko tulivyostahili. Mama aliomba radhi, kitu ambacho mimi sijawahi kukisikia tangu nizaliwe. Nami nikaanza kumsimulia Gloriose habari ya kalamu. Hakunisubiri nimalize.

"Shemeji, najua," akasema. "Mwanga ule ulipita juu ya bega langu. Niligeuka nikakuona."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, kule kwa daktari, au pale uani kwa Mama.

Akasema, "Wewe ni mwalimu, na ni mtoto wao. Mimi ni mgeni wao. Ningesema mimi, nani angeniamini? Nikasubiri useme wewe. Kila siku nilipokuletea chakula nilisema leo atasema."

Amerudi, dada. Jioni akaniletea ugali na migebuka kama kawaida, akaweka, akaondoka. Nimekaa nao mpaka ukapoa.

Elia anakusalimu, anasema usilie. Mama anakusalimu, atakupigia mwenyewe. Wasalimie shemeji na Frida mwanao, na mwambie asichezee taa za watu. Mungu akulinde wewe na macho yako yote mawili, alirudishie nguvu jicho la Elia, na mimi anifundishe kusema mapema.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na ninayeona haya,

Thobias