Salamu Zangu Zimeninyima Leseni

Mpendwa Bi Mwatum, mshauri wetu, naomba unisaidie na uniwie radhi kama mwandiko unarukaruka, kwani tangu nijue kushika usukani mkono wangu hautulii. Mimi ni Jecha wa Mgogoni, Pemba, nafanya kazi Tanga kwenye shamba la mkonge, na huko Tanganyika, nchi ya watu, ndiko ninakojifunza gari kwa mwalimu aitwaye Mabruki, na wallahi Bi Mwatum hakuna raha kama ile, unakanyaga klachi, unatia gia, unaachia kidogokidogo na chuma kizima kinakutii, barabara imenyooka mpaka macho yanachoka, si kama zetu za Wete za kona juu ya kona, na mimi mtoto wa mtu asiyemiliki hata punda najiona nimepaa!

Mjomba wangu Mmanga ameagiza lori la kubebea karafuu, naye kaniambia mbele ya mama, "Ukirudi na leseni, usukani wako. Ukirudi mikono mitupu, namwita dereva wa Chake Chake." Basi nikaenda kwenye mtihani na furaha tele, nikarudisha gari nyuma vizuri, nikaondoka mlimani bila kuporomoka, hata mtahini akaanza kutabasamu, mara namwona mzee mmoja anakuja kwa miguu na bakora yake, na kwetu, kama ujuavyo, mtu hapitwi hivi hivi, sembuse mzee, nami nimekaa juu ya gari kama sultani? Nikafunga breki. Nikazima na moto, kwani kumwamkia mtu mzima huku injini inanguruma ni dharau. "Shikamoo mzee, za nyumbani? Watoto hawajambo? Na wagonjwa?" Mzee akafurahi, akaniuliza mimi wa wapi, nikamwambia Pemba, akasema aliwahi kufika Wete, basi tukashika habari za Wete, na nyuma kulikuwa na mtu wa baiskeli akaligonga gari akaanguka, na mtahini akaniambia, "Shuka."

Mabruki alinifokea, "Bwana wee, hii barabara, si baraza! Mara ya pili ukimwona mtu, kaza uso, pita!" Sasa niko nyumbani kwa sikukuu, nikirudi Tanga tu naitwa kwenye mtihani tena, na mama ananiambia, "Jecha weye, miye sitaki gari likutoe adabu, bora ubaki na jembe." Lori lile nalitaka mpaka naliota, lakini nikikaza uso nitakuwa mtu gani? Nisaidie Bi Mwatum, nishike la mama au la Mabruki?

Jecha, Mgogoni

*

Jecha mwanangu, barua yako nimeisoma nikacheka mpaka miwani ikanianguka, kisha nikakasirika. Furaha yako nimeipenda, usiionee haya. Na mama yako hana kosa. Aliyepanda ndiye wa kuanza kumsalimia aliye kwa miguu, hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni kwenye Kurani tangu wadogo, na Mabruki na uso wake wa kukaza asikupotoshe.

Lakini nani alikwambia salamu haiendi bila breki? Salamu ni ya mdomo, breki ni ya mguu. Punguza mwendo, mikono usukanini, macho mbele, "Salaam aleikum, mzee!" dirishani, umeshapita na thawabu zako umezibeba. Habari za wagonjwa haziulizwi katikati ya njia, na moto umezimwa!

Sasa nikugombeze, na usinune. Umenieleza bakora ya mzee, umenieleza mazungumzo ya Wete, lakini yule mtu wa baiskeli umemmaliza kwa neno moja tu, "akaanguka." Aliumia? Ulimwinua? Jina lake nani? Hujui, kwa sababu ulikuwa unaulizia wagonjwa wa watu wakati mgonjwa wako mwenyewe kalala chini nyuma yako. Unaogopa gari litakufanya mtu asiyejali watu, nawe siku ile umemwangusha mmoja na hukumpa hata pole. Adabu gani hiyo ya upande mmoja?

Basi fanya hivi. Ukishuka Tanga, kabla hujamwona Mabruki, mtafute mtu huyo, Tanga si kubwa kiasi cha mwenye baiskeli iliyopinda asijulikane. Mwombe radhi, na baiskeli yake uipeleke mwenyewe kwa fundi. Kisha nenda kwenye mtihani bila woga, na usiguse breki kabla hujatazama kioo kuona nani yuko nyuma. Mama yako mwambie mimi ndiye niliyekutuma. Lori la mjomba lipokee kwa mikono miwili, baba, umelitolea jasho. Na atakayetaka kukueleza habari za nyumba nzima, lipeleke gari kwanza likalale, kisha mwendee kwake kwa miguu.